Zakayo Ni Msee wa Jeri

Sogea hapo kwa ukuta, kuna space. Leo tunabonga wizi.

Wacha kugusa mfuko, simu yako iko. Sibongi wagondi wa ngeta. Sibongi wale hukwachua simu kwa dirisha ya mathree jam ya Jogoo Road ikikolea. Hao kila mtu anawajua. Nabonga ile wizi haina mbio. Ile unafanya ukiwa umekaa chini, umenukia fiti, luku iko sawa, na Biblia iko kwa simu.

Mimi ni msee wa Jeri. Jericho, Eastlando. Ile mtaa ya Camp Toyoyo, goli ikifungwa unaskia ukiwa kejani. Nimekua hapo na sikuwai jiuliza kuhusu hiyo jina. Jericho ni stage, unashuka, unaishia. Adi siku nilianza kusoma Biblia mwenyewe, bila mathe kunipigia kelele, nikashtuka. Story tatu kali za wizi mle ndani ziko na address ya Jeri. Yule msee alivamiwa na wagondi, akavuliwa nguo, akaachwa kando ya barabara nusu mfu? Alikuwa ametoka Jerusalem anashuka Jericho, Luka 10. Hapa kwetu hiyo ni safari ya kununua mandazi, ju Jerusalem ni estate jirani. Akani, yule alificha mali chini ya hema? Mali ilitoka Jericho. Zakayo je? Keja yake ilikuwa Jericho. Biblia ya Kiswahili wanaandika Yeriko, lakini ni hapo hapo.

So hii topic mimi naichukua personal. Imeandikwa kwa plot yetu.

Mabudaa kwanza tuwapitie, ju wasipopitiwa watakuja kuingilia story. Uliza buda yeyote wa mtaa wizi ni nini. Atakushow kuku. Sijui kuku iliwafanyia nini hao watu. Kijana aliiba kuku, kijana akapatikana na manyoya, kijana akalala ndani, tusimame tuombe. Hiyo ndio mahubiri tangu nikiwa na meno za maziwa. Na tunaishi kando ya barabara inaitwa Jogoo!

Buda huyo huyo ni landlord. Ukihama anapata tundu moja ya msumari kwa ukuta, anakula deposit yote. Hakuna manyoya, so kwake hakuna wizi. Buda mwingine akiingiziwa doo kwa simu kimakosa anasema ni baraka, Mungu amejibu. Mungu gani huyo anakujibu na doo ya mtu mwingine? Halafu cheki Kutoka 22. Mwizi wa ng'ombe ako na faini yake, analipa tano kwa moja. Mwizi wa kondoo, nne kwa moja. Kuku haiko. Miaka hiyo yote mabudaa wamehubiri kitu haiko kwa list.

Na wasikuchanganye na namba ya hiyo amri ya "usiibe." Wakatoliki wanaiita amri ya saba, Waprotestanti wengi wanaiita ya nane. Kuhesabu ni tofauti, kazi ni moja.

Sasa, mtaani wizi iko na jina ya kisasa. Inaitwa "nitakusort." Hiyo neno ni wizi ikiwa imechana nywele. Konda anaijua vizuri. Umempea soo, fare ni finje, chenji anakushow utapata mbele. Mbele inafika. Mbele inapita. Unashuka, mathree inatoka, finje yako imeenda tao bila wewe. Na wewe pia usijifanye malaika. Kuna ile siku konda alikuruka akikusanya, ukaangalia nje ya dirisha kama mtu anapenda miti sana. Hiyo ilikuwa finje yake. Usiniambie mko droo. Hapo kuna wizi mbili, na hakuna mtu amerudishiwa kitu.

Hizo ni ndogo. Wacha nikupe kubwa, na ni yangu.

Mwezi wa sita, 2024. Niko kejani, simu inalia. M-Pesa. 2,300. Jina ya mathe simjui. Nilikuwa na deni ya Fuliza, na Fuliza hufanya venye ulikubali ifanye: doo ikiingia, inajilipa kwanza. So kabla nimalize kusoma meseji, 800 ilikuwa imeenda kulipa deni yangu. Ikabaki 1,500. Nikajishow, si mimi nimeshika, ni simu imeshika. Hiyo uongo nilijiambia mwenyewe na nikaiamini.

Mathe akapiga. Sikushika. Akapiga tena. Mara nne. Halafu akatuma SMS, herufi kubwa mwanzo mwisho, ile unajua imeandikwa na kabambe, mulika mwizi. Samahani kijana wangu, nimekosea namba moja, hiyo ni pesa ya lunch ya mjukuu wangu shuleni. Hakutusi. Hakutisha. Aliomba tu. Hiyo simu inaitwa mulika mwizi na usiku huo ilinimulika kabisa.

Nikareply: "Sawa mum, nitakusort."

Elewa venye hiyo wizi imejengwa, ju imejengwa kwa kitu sisi tunajua na yeye hajui. Ukikosea namba, unaforward ile meseji ya M-Pesa kwa 456, na kama doo bado haijaguswa inaeza shikwa irudi. Sisi tunajua. M-Pesa ilianza 2007, wengi wetu tumekua nayo kama ndugu. Mathe wa mulika mwizi hajui. Anajua kupiga simu na kuomba. So ukizima simu, unaiba doo yake mara ya kwanza, na unamwibia ile kutojua kwake mara ya pili. Si nguvu ulimshinda nayo. Ni mwaka alizaliwa.

Karao pia wako na hii kitu kwa karatasi. Kuna ile sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandao, kifungu cha 35. Doo ikikujia kimakosa na uifiche makusudi, ni faini adi laki mbili, ama miaka miwili ndani, ama zote mbili. Wasee wengi hawajawai skia. Wanadhani ni bahati.

Lakini mimi si karao walinishika. Ni Walawi 6. Hii chapter manze hakuna mtu huisoma, watu wanaruka wakidhani ni mambo ya mbuzi na moshi. Isome. Inataja mtu amemdanganya jirani yake kuhusu kitu aliwekewa. Inataja mtu ameokota kitu ilipotea, alafu anakana. Yaani ni wrong number kabla simu ziumbwe. Na dawa yake si kulia. Dawa ni hesabu: rudisha yote, ongeza moja ya tano juu, mpee mwenyewe siku hiyo hiyo unaleta sadaka yako ya hatia. Mwenyewe kwanza. Madhabahu baadaye.

Nitarudi kwa huyo mathe. Wacha nimalize mtaa kwanza.

Kula fare. Ndio, tumefika hapo, wacha kucheka. Story inajulikana. Boy anatuma ngiri, manzi atoke Rongai akam Jeri. Na Rongai si karibu, Rongai ni safari ya kubebewa chakula. Doo inaingia. Reply ni emoji ya roho. Halafu "naoga." Halafu "navaa viatu." Halafu "nimefika stage." Halafu tick moja, ya grey, adi Yesu arudi. Huku boy amefagia keja, ameosha shiti, ameambia roommate aende kwao, amenunua na kuku ya kupika. Cheki! Kuku imeingia kwa story ya wizi mwishowe, na mabudaa hawakuwa around kuiona.

Hii kitu imekuwa talent. Watu wanapost screenshot. Manzi wa plot ingine anakushow amekula fare tano wiki moja, na mbogi inapiga makofi kama ameshinda mbio. Maboy pia wameingia, wanatumiwa fare na wamama wakubwa na wanalala kejani. Ati ni kuomoka. Buda, kuomoka ni kufanya kitu. Hii ni kudanganya msee kuhusu viatu zenye hujavaa.

Nitasema yangu straight. Kama ulijua haukam wakati ulitaja fare, umeiba. Hiyo doo ilitumwa na kazi yake, kama vile unatuma mtoto dukani na soo ya mkate. Haikuwa zawadi. Ungeomba zawadi ungeitisha zawadi, na labda ungenyimwa, ndio maana ukaitisha fare.

Sasa boy, wewe pia keti, sijamaliza. Fare ni ya gari. Inalipa kiti ya mathree kutoka Rongai adi tao, na kutoka tao adi Jeri. Haijalipa mwili ya mtu. Manzi akibadilisha mind akiwa kwa bafu, hiyo ni haki yake mia kwa mia. Aseme, arudishe yenye haijatumika, mambo iishe. Lakini wewe mwenye unatuma ngiri ukidhani umenunua mtu, yako pia iko kwa hiyo amri. Kuna vitu haziuzwi, na kuzichukua ju ulilipa fare ni wizi mbaya kushinda ile ya ngiri. Kwa hiyo story ya kula fare kanisa hubonga upande moja tu, ya manzi. Mabudaa tena. Wao wanaangalia sketi. Mimi naangalia nani alimdanganya nani, na nani alidhani anamiliki nani.

Tuingie drip, ju najua umengoja.

Akani. Yoshua 7. Waisraeli wameangusha Jericho, ukuta iko chini, amri ni moja: usiguse mali ya huko. Huyu msee akaona vazi ya Shinari. Shinari ni upande wa Babeli, so hiyo ni imported, si ya kawaida. Akaona shekeli 200 za fedha. Akaona kipande cha dhahabu, shekeli 50. Akabeba yote. Na unajua aliifanyia nini hiyo drip? Aliizika. Chini ya hema, kwa mchanga. Outfit moto kuliko zote kwa kambi na mwenyewe hawezi itoa nje ya keja. Hawezi vaa harusi. Hawezi vaa hata kwa choo usiku.

Watu husoma hapo wakacheka, wakafika pale anapigwa mawe wakanyamaza. Mimi nilisimama katikati. Kabla ashikwe, Waisraeli walienda kupigana na kamji kadogo kanaitwa Ai, kitu walidhani ni ya asubuhi moja, na wakachapwa. Wasee kama 36 wakadedi. Hao 36 hawakuwa na shekeli hata moja. Hawakuona hiyo vazi. Walikuwa wasee wa mtu, mababa za watu, na walilipa bill ya drip ya jirani.

Hiyo imenikaa ju imetokea kwa mbogi yetu. Mathe ya beshte yetu alikuwa amelazwa. Tukachanga. Wengine rwabe, wengine jiro, kamsee kamoja ka kuosha ndai kakatoa soo na mbao, yenye kalikuwa nayo yote. Doo ikaenda kwa simu ya mmoja wetu, ju ndio alikuwa "organized." Weekend hiyo organized akatokea na Jordan mpya. Moto, sikatai. Kila mtu akaona. Hakuna mtu akauliza. Jumatatu bill ya dawa ikangoja, Jumanne ikangoja, na beshte yetu akaenda kwa shylock. Jordan ilikuwa kwa miguu ya mtu moja, lakini deni ilitembea kwa mtaa mzima, na adi wa leo hiyo mbogi haichangi tena. Mtu akiuguliwa, anauguliwa pekee yake. Hiyo ndio Ai yetu.

Yuda pia alikuwa treasurer, usisahau. Yohana 12 inasema yeye ndio alikuwa anabeba mfuko, na alikuwa anaibia mle ndani. Siku mathe mmoja alimwaga manukato ya dinari 300 kwa miguu ya Yesu, Yuda ndio alinuna, ati hiyo doo ingepewa maskini. Dinari 300 ilikuwa karibu mshahara ya mwaka mzima ya mtu wa kibarua. So mtu akikuchomea sana juu ya bei ya kitu ya mwingine, cheki nani amebeba mfuko.

Na bei ya vitu imepanda, najua. Sijakuja kukudanganya. Unga imepanda, tokens za stima zinaisha ukizitazama, bundles ya wiki inaisha Jumatano. Mtu akiniambia ameiba ju mtoto wake amelala njaa siku mbili, mimi na yeye tutaketi hivi hivi na nitatafuta unga kwanza. Lakini wengi wetu hatuibi ju ya njaa. Tunaiba ju Air Force ya beshte ni nyeupe kuliko yetu.

Na tunaiba kutoka kwa nani? Hapa ndio damu yangu huchemka. Si kutoka kwa matajiri. Hao wako na ukuta na mbwa. Tunaiba kwa mwenye yuko step moja chini yetu.

Mathe wa chapo. Ni usiku, mwanga ni ya kibatari, queue ni refu. Kuna msee amekaa chini akatype meseji ya M-Pesa na mikono yake, akabandika jina ya mathe na saa, akamshow screen mbio mbio: "Imeingia, si umeona?" Chapo tatu na maharagwe. Mathe anaangalia hiyo mwanga ya screen, anasema sawa. Faida yake yote ya hiyo saa imeenda. Na najua utanishow wauzaji pia wako na zao. Ni kweli. Kuna gorogoro imebondwa chini adi tumbo imeingia ndani, unadhani umenunua maharagwe imejaa na umenunua hewa. Amosi 8 aliwachana wenye duka kama hao, wale walikuwa wanangoja Sabato iishe wapunguze kipimo. Lakini gorogoro ya mtu mwingine haijakupea ruhusa ya chapo.

Mbaya kuliko zote, kwangu, ni mathe wa nguo. Anakam saa moja asubuhi. Jeans sita. Hoodie. Ile duvet haijaguswa tangu uhamie. Socks zinasimama zenyewe. Anainama kwa karai adi mgongo inakataa, vidole zimekunjamana kama karatasi, saa kumi anaanika ya mwisho. Mlikubaliana. Halafu wewe, ukiwa umelala kwa kitanda, na simu ya thao thelathini mkononi: "Mathe, nitakusort kesho." Usiku huo hiyo jeans iko sherehe. Inanukia fiti. Iko kwa status. Na yeye ameenda kwake na miguu.

Kumbukumbu la Torati 24 inasema huyo mtu umlipe siku hiyo hiyo, kabla jua izame, ju ni maskini na moyo wake wote uko kwa hiyo doo. Usipomlipa, akimlilia Mungu, umejibebea dhambi. Yakobo 5 anaenda mbali zaidi, anasema mshahara yenyewe, ile umezuia, inapiga kelele. Fikiria hivyo ukivaa hiyo jeans. Na mwenye aliandika Kumbukumbu alijua mtaa, ju hakusema kabla mwezi iishe. Alisema kabla jua. Alijua kuna keja zenye sufuria inangoja hiyo doo ya leo ndio iwekwe kwa moto.

Jumapili sasa. Tuko kanisani. Namba ya sadaka iko kwa screen, kila mtu ametoa simu. Huyo wa chapo ametuma. Organized ametuma. Mimi nimetuma. Worship imeingia ile gear ya chini, kinanda inalia, watu wameinua mikono, na mtu ameanguka kwa zulia akilia machozi ya kweli. Siyachezei hayo machozi. Nimeyalia. Lakini nikajiuliza: hizi machozi zimelowesha zulia, zimelowesha adi shati ya usher, na doo ya mathe imekauka tu kwa account yangu. Mathayo 5 iko wazi hapo. Ukikumbuka ndugu yako ako na kitu juu yako, acha sadaka hapo mbele, toka, enda umalizane na yeye, ndio urudi. Sijawai ona mtu ameacha sadaka akatoka. Ningependa sana kuona kanisa imebaki nusu asubuhi moja, watu wameenda kutafuta mathe wa nguo.

Ile June yenye doo ya mathe wa SMS iliingia ndio ile June ya maandamano. Muswada wa Fedha wa 2024. Rais alikuwa ameshapewa jina Zakayo ju ya ushuru, na kizazi yetu ikatoka kumwambia ashuke kwa mti. Tarehe 25 nilikuwa tao. Nilimeza teargas. Nilikimbia na watu sijawai ona, tukashikana mikono kama tumezaliwa pamoja. Wasee walipigwa risasi wakadedi siku hiyo, wasee wa rika yetu, na siwezi andika hiyo sentensi haraka. Kesho yake rais akasema hatautia sahihi. Sijuti hata hatua moja ya hiyo barabara. Ningerudi kesho.

Lakini bundles nilikuwa napost nazo siku hiyo, nikimwambia Zakayo arudishe yetu, zilinunuliwa na lunch ya mjukuu wa mtu.

Hiyo ilinifikia wiki kadhaa baadaye, nikisoma Luka 19 pole pole. Mkubwa wa watoza ushuru. Tajiri. Mfupi, so akapanda mkuyu acheki Yesu akipita. Yesu akasimama chini ya mti, akamuita na jina, akajialika kwake mwenyewe. Umati ikanuna. Na hapa ndio nilikuwa narukanga: Zakayo hakuhubiriwa. Hakuna mahali imeandikwa alilia. Alisimama akapiga hesabu mbele ya watu. Nusu ya mali kwa maskini. Na yeyote nilimdhulumu, mara nne. Mara nne! Hiyo ni ile bei ya mwizi wa kondoo, Kutoka 22. Alijihukumu kama gondi wa usiku na alikuwa ofisa wa serikali na karatasi zote. Baada ya hapo ndio Yesu akasema wokovu umefika hiyo nyumba. Kejani. Jericho.

Nilikuwa nangoja yule wa Ikulu ashuke kwanza ndio mimi nishuke. Na mti yangu ilikuwa fupi, ya 2,300 tu, ningeruka bila kuumia.

Bei ya Zakayo ingekuwa 9,200. Sikuwa nayo, nakuambia ukweli. Ya Walawi nikapiga: moja ya tano ya 2,300 ni 460. Jumla 2,760. Nikaenda carwash ya huyo kamsee ka soo na mbao, nikaomba kazi. Waefeso 4 inasema mwizi aache kuiba, afanye kazi na mikono yake, adi abakishe ya kumpea mwenye hana. Nilidhani hiyo ni mstari ya watoto wa Sunday school. Osha Probox ya mtu ametoka shamba ndio utaielewa. Siku nane. Mikono zikakunjamana kama za mathe wa nguo.

Nikalipa deni mpya ya Fuliza kwanza isinikatie tena njiani. Nikatafuta ile SMS ya herufi kubwa. Nikatuma 2,760, na ya kutoa.

Sikuwa nimeweka simu mfukoni. Ikalia. Ni yeye. Hii nikashika.

"Hallo? Kijana wangu?"

"Eeh, mum. Ni mimi. Nisamehe, nilikosa. Nilifaa kurudisha siku ile ile."

"Asante, baba. Mungu akuzidishie. Lakini sikia, umekosea hapa. Mimi nilikuwa nimetuma elfu mbili na mia tatu. Hii imekuja na mia nne na zaidi juu."

"Ni zako mum. Zote."

"Hapana, si zangu." Nikaskia anasogea, anabonga na mtu kando, sauti ya dukani. "Kijana mmoja hapa ananiambia kuna namba ya kurudishia, ya nne tano sita. Usikate, baba. Ngoja anionyeshe."